Misuli ya baba imeisha, ini linahusikaje?

Wasomaji wangu, mwezi huu meseji nyingi zilizoingia ni za ini, na nyingi ni za watu wenye saratani ya ini ambao wamepandikizwa ini jingine au ndo wanajiandaa kwenda kupandikizwa. Nimeamua niziweke pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kweli kwa sababu imenigusa pale pale ninapoumia, mtanivumilia.

SWALI, kutoka Tanga

Shikamoo mama. Baba yangu ana miaka 58, ana homa ya ini B ya siku nyingi ambayo hatukuijua mpaka mwaka jana alipoanza kujaa tumbo. Walivyompiga sitiskani wakakuta ini limesinyaa na lina uvimbe mmoja wa saratani, sentimita 4. Tukaambiwa anafaa kupandikizwa, baba mdogo kakubali kumpa kipande cha ini lake, na hela ya kwenda India tumechangishana ukoo mzima hadi imetimia. Sasa juzi tumeongea na daktari wa kule kwa video, kaangalia picha zilezile, kasema ini tunaliweza ila misuli ya mzee imeisha, nendeni mkamlishe na kumfanyisha mazoezi wiki sita halafu tuongee tena. Mama tumechanganyikiwa. Saratani iko kwenye ini, misuli inahusikaje? Halafu hapa nyumbani tulishaambiwa asile nyama wala mayai kwa vile ini limechoka, kwahiyo anakula uji mweupe, ugali kidogo na mchicha. Na hizo wiki sita tunaogopa uvimbe utakua. Mzee mwenyewe sasa hivi akishasujudu, kuinuka mpaka ashike kitanda.

JIBU

Marahaba mwanangu, poleni sana, na mpe mzee salamu zangu. Hilo uliloandika mwishoni kama jambo la kupita tu, la kushika kitanda akitoka kwenye sijda, ndo ugonjwa wa pili wa baba yako na ndo huo daktari aliouona kwenye picha. Una jina lake, sakopenia, maana yake misuli imepungua na nguvu zimepungua. Watu wengi wenye ini lililosinyaa wanao na hawajui, maana familia macho yote yako tumboni.

Daktari kaonaje misuli kwenye picha ya ini? Sitiskani inakata mwili kama unavyokata mkate slesi, na kwenye slesi ya pingili ya tatu ya kiuno misuli yote inaonekana, ya mgongo, ya tumbo na ile ya ndani inayoshuka kwenda kwenye paja. Wanapima eneo lake kwa sentimita za mraba halafu wanagawa kwa urefu wa mtu uliozidishwa kwa wenyewe. Huko Marekani mwanaume akiwa chini ya 50 na mwanamke chini ya 39 wanahesabu misuli ni kidogo, Asia wana viwango vyao. Kwahiyo hamkupigishwa picha nyingine wala hamkudanganywa, jibu lilikuwemo kwenye picha mliyonayo tangu mwanzo.

Sasa misuli inahusikaje. Ini zima kazi yake mojawapo ni kusafisha amonia, sumu inayotoka utumboni tukimeng'enya chakula. Ini likichoka misuli ndo inashika zamu, inaichukua ile amonia na kuigeuza kitu kisicho na madhara. Misuli ikiisha amonia inapanda kichwani, mtu anasinzia mchana anakesha usiku, anaongea vitu havieleweki, mikono inatetemeka. Na ubaya wake amonia ikizidi nayo inazuia misuli kujengeka, yaani inakuwa mduara. Halafu misuli ndo ghala la protini la mwili. Siku ya upasuaji, ambao unaweza kwenda masaa kumi na zaidi, mwili unahitaji malighafi ya kufunga kidonda na kutengeneza askari wa kinga, na mgonjwa hali chochote siku hizo, sasa malighafi itatoka wapi kama sio kwenye ghala. Na kuna misuli ya kupumulia, hii watu wanaisahau. Mtu anatoka theatre yuko kwenye mashine, inabidi apumue mwenyewe, akohoe atoe makohozi, aketi, asimame. Asiyeweza kukohoa anapata nimonia, na wakati huo anakunywa dawa za kushusha kinga ili mwili usilikatae ini jipya. Wengi wenye misuli kidogo wanaopotea mapema baada ya kupandikizwa, ini jipya linakuwa linafanya kazi yake vizuri tu, kinachowamaliza ni maambukizi.

Hii wameipima. Mwaka 2010 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa utafiti wa watu waliopandikizwa ini, wakawapanga kwa ukubwa wa ule msuli wa ndani ya kiuno. Robo ya watu wenye msuli mdogo kabisa, baada ya mwaka mmoja kama nusu yao tu ndo walikuwa hai. Robo yenye msuli mkubwa walikuwa hai 87 kati ya 100. Mwaka 2013 wenzao wa Kyoto huko Japani, ambao wanafanya upasuaji kama huu wenu wa ndugu kutoa kipande, wakaona hivyohivyo, wenye misuli kidogo walikufa zaidi, ila wakaona na kingine ambacho ndo nataka mkishike: katika haohao wenye misuli kidogo, waliopewa lishe maalum kipindi cha upasuaji waliishi zaidi ya wasiopewa. Hao wote hawakuwa wagonjwa wa saratani peke yake, lakini tafiti zilizokuja baadaye za wenye saratani ya ini picha ni ileile. Kwahiyo daktari wenu hajamkataa mzee. Kamtuma nyumbani akachukue kitu ambacho hakiuzwi hospitali yoyote.

Kabla sijafika kwenye chakula naomba niwaambie habari ya mjomba wangu. Aliugua ini miaka ya nyuma, mimi nikiwa ndo kwanza naanza kazi za lishe, na kwenye hospitali moja tulipewa karatasi imeandikwa asipewe nyama, mayai, maharage wala samaki, tukaifuata karatasi kama ilivyo na mimi ndo nilikuwa msimamizi wa jiko. Tumbo limejaa maji kwahiyo kilo kwenye mizani hazishuki, tukawa tunasema mzee hajapungua. Siku moja namsaidia kuvaa suruali nikaona mkanda wake, aliufungia chini ya tumbo, una matundu matatu mapya yametobolewa kwa msumari, na mapaja yake yamekuwa membamba kama mkono wangu. Panja zimedidimia, ile nyama ya chini ya kidole gumba hakuna, mfupa mtupu. Alikuwa ananiomba changu wa kuchemsha, kipande tu, namwambia mjomba utapona kwanza. Hakupona. Sijui kama samaki angemwokoa, ugonjwa ulikuwa umeenda mbali, lakini najua nilimnyima chakula mtu ambaye mwili wake ulikuwa unajila wenyewe. Ndo maana kila mwaka nitaandika hili mpaka niache kushika kalamu.

Mwanangu, hiyo ya kunyima protini ilishaachwa. Miongozo ya sasa ya madaktari wa ini wa Ulaya inasema mgonjwa wa ini lililosinyaa apate protini gramu 1.2 mpaka 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, ambayo ni nyingi kuliko ya mtu mzima mwenye afya, na hata akiwa na shida ya kuchanganyikiwa protini haikatwi. Uzito unaohesabiwa ni ule bila maji ya tumboni, muulize daktari akukadirie. Tuseme baba yako bila maji ni kilo 52, hesabu inakuja kama gramu 62 mpaka 78 kwa siku. Uji mweupe na ugali na mchicha havifiki hata nusu.

Ukiwaza kwa sahani ni hivi: asubuhi mayai mawili ya kuchemsha, hapo gramu 12, na glasi ya maziwa 8. Mchana kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja bila vidole, kama 20. Alasiri glasi ya mtindi 8. Usiku kikombe cha maharage yaliyoiva 15 na wali au ndizi. Hapo mko 63 na bado hajalala, na usiku kuna kitu muhimu nakuja nacho. Kuku sawa, dagaa sawa, ila dagaa wa chumvi na ng'onda hapana, kwa sababu chumvi inarudisha maji tumboni. Vyakula vya baharini vibichi, chaza na vitu hivyo, hapana kabisa, kuna vijidudu humo vinaweza kumuua mtu wa ini. Tumbo likiwa limejaa maji linabana, mgonjwa anashiba kwa vijiko vinne, kwahiyo msimwekee sahani kubwa mara tatu mkamgombeza hamalizi, mpeni kidogokidogo mara sita.

Na sasa usiku. Mtu mzima mwenye afya akilala, ini lake linatoa sukari iliyohifadhiwa na anaamka salama. Ini lililosinyaa halina akiba, kwahiyo mwili unaanza kuchoma mafuta na misuli mapema sana. Kulala usiku mmoja bila kula, kwa mgonjwa wa ini, ni kama mtu mzima mwenye afya kushinda na njaa siku mbili tatu. Baba akila saa moja jioni na kunywa uji saa mbili asubuhi, hayo ni masaa 13, na misuli inaliwa kila usiku wakati nyinyi mmelala. Dawa yake ni rahisi mpaka watu hawaiamini, mpeni kitu kabla ya kulala, saa nne au saa tano hivi, slesi mbili za mkate na glasi ya maziwa, au uji wa maziwa uliokolea, au ndizi mbivu na mtindi. Wenzetu wa New Zealand walijaribu hili wakatoa majibu mwaka 2008, kinywaji cha lishe kilekile, kundi moja wanakunywa mchana, jingine usiku, na kwa mwaka mzima waliopata usiku ndo walioongeza nyama za mwili. Na asubuhi akiamka tu ale kabla ya mambo mengine. Kama mzee hataki kusumbuliwa usiku mwambieni hiyo ni dozi kama vidonge, na yule wa kumletea awe mmoja kila siku ili isiwe huyu anadhani yule kampa.

Chakula bila mazoezi kinaishia mafuta. Chukueni kiti cha kawaida, kigumu, mkiegemeze ukutani kisiteleze. Akae, afunge mikono kifuani, asimame akae mara tano, mtu awe pembeni, na mwingine ahesabu sekunde kwa simu. Ikizidi 15 miguu ni dhaifu. Andikeni kwenye daftari, tarehe na sekunde. Halafu hilohilo ndo zoezi, kusimama na kukaa, aanze na anachoweza hata kama ni mara mbili kwa kushika meza, asubuhi mchana jioni, pamoja na kutembea ukumbini kisha uani kisha mpaka msikitini. Apate na mpira wa kubana mkononi. Pale San Francisco Chuo Kikuu cha California wana kipimo chao kwa ajili ya wanaosubiri ini, ni vitu vitatu tu: nguvu ya kubana mkono, kusimama kwenye kiti mara tano, na kusimama bila kuyumba miguu ikiwa imepangwa kwa namna tatu, sekunde 10 kila namna. Mnaona, hakuna mashine ya mamilioni hapo. Ila kitu kimoja muulize daktari kwanza, kama mzee alishachunguzwa mishipa ya kooni inayovimba kwa ajili ya ini, maana kama ipo asinyanyue vitu vizito vya kukamia pumzi, inaweza kupasuka akatapika damu.

Hofu yenu ya uvimbe kukua ni ya haki kabisa. Kipimo kinachotumika sana kuamua nani apandikizwe kwa saratani ya ini kinatoka Milano, Italia, mwaka 1996: uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au mpaka mitatu isiyozidi 3 kila mmoja, na usiwe umeingia kwenye mishipa ya damu wala kutoka nje ya ini. Baba yuko na 4, yumo, lakini nafasi iliyobaki sio kubwa. Uvimbe wa aina hii kwa wengi unachukua miezi kujizidisha mara mbili, sio wiki, ingawa ipo inayokwenda kasi. Kwahiyo muulizeni daktari maneno haya haya: katika hizi wiki sita uvimbe tunaushikilia vipi? Kuna kuuchoma kwa sindano ya moto, kuna kupeleka dawa kwa mshipa na kuziba damu inayoulisha, ni njia za kumsubirishia mtu upandikizaji. Na picha mtarudia lini. Na dawa ya homa ya ini B asiiache hata siku moja, sasa hivi na hata baada ya kupata ini jipya.

Kilo msizitegemee, maji yanadanganya. Pimeni mzunguko wa mkono wa juu kwa futi ya fundi cherehani, na ile kuinuka kwenye sijda.

(Huyu binti ameniandikia tena wakati gazeti linakwenda mtamboni. Wiki ya tatu, mzee ametoka sekunde 27 mpaka 21, na anagombana na mjukuu anayemletea maziwa saa nne usiku lakini anayanywa.)

SWALI, kutoka Mombasa

Asalaam aleikum dada. Mume wangu yuko kwenye matayarisho ya kupandikizwa ini, uvimbe alishachomwa mara moja, sasa Ramadhani inakuja na yeye hajawahi kuacha kufunga tangu utoto wake. Ananiambia daku atakula vizuri tu. Nimwambie nini?

JIBU

Waaleikum salaam dada yangu. Soma hapo juu nilivyoeleza habari ya usiku mmoja, halafu fikiria masaa 13 au 14 mchana kweupe, siku 30, na huku kwetu pwani jua lenyewe unalijua. Kwa ini lililosinyaa daku nzuri haitoshi, akiba hailali kwenye ini tena. Misuli atakayoipoteza Ramadhani ndo hiyohiyo atakayoihitaji mezani kwa daktari, na kukauka maji kunaweza kumharibia figo. Mgonjwa ana ruhusa ndani ya Qur'ani yenyewe, Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Lakini wewe mke ukimwambia ataona unamwonea huruma tu, kwahiyo mpeleke kwa daktari wake, kisha muende pamoja kwa shekhe anayemheshimu na maneno ya daktari mkononi, amweleze habari ya kulipa au fidia. Wanaume wa umri ule wanachotaka ni kuhakikishiwa hawajaivunja ibada. Na futari akae na wenzake, ale nao, hicho ndo kinachomuuma zaidi, kutengwa, kuliko hata njaa.

SWALI, kutoka Muscat

Hujambo dada, mimi ni Mzanzibari naishi huku Oman. Nilipandikizwa ini miezi 9 iliyopita kwa ajili ya saratani. Nilitoka hospitali na kilo 54, sasa niko 71, kila anayeniona anasema nimenawiri mashallah. Lakini nikipanda ngazi za ghorofa mbili napumzika mara mbili, na mapaja nikiyashika ni laini kama unga. Nina wasiwasi saratani imerudi.

JIBU

Sijambo ndugu yangu, na hongera kwa kufika hapo. Hizo kilo 17 kwa maelezo yako nyingi zitakuwa mafuta na misuli imebaki nyuma. Inawapata wengi sana, hamu ya kula inarudi, zile dawa za kuzuia mwili usilikatae ini nazo zimo, prednisoloni inaongeza njaa na huku inakula misuli, takrolimusi nayo inachangia, na mgonjwa kwa hofu ya kidonda anakaa kwenye kochi miezi. Ini jipya halirudishi misuli lenyewe, kwa wengi mwaka wa kwanza unaisha haijarudi. Na mtu mnene mwenye misuli kidogo yuko kwenye hatari mbili kwa mpigo, ya udhaifu, na ya sukari, presha na mafuta kuingia hata kwenye hilo ini jipya.

Kuhusu kurudi: kwa waliopandikizwa wakiwa ndani ya vile vipimo vya Milano saratani inarudi kwa kama watu 10 mpaka 15 kati ya 100, na mara nyingi ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Kwahiyo sitakuambia usiogope, nakuambia usipige ramli kwa ngazi. Nenda kwenye picha na kipimo cha damu cha alfa-fetoprotini, kile cha kufuatilia saratani ya ini, kwa ratiba yako bila kuruka, na hiyo pumzi waambie wakuangalie damu na moyo pia.

Wakikuruhusu anza kunyanyua vitu, sio kutembea peke yake, kutembea ni kuzuri ila hakujengi paja. Kiti, ngazi moja moja, chupa za maji za lita moja mkononi, siku mbili tatu kwa wiki, na uongeze polepole kwa sababu ukuta wa tumbo uliopasuliwa unaweza kutoa ngiri ukiukimbiza. Ukiweza kupata mtu wa fiziotherapia hata mara nne tu za kukuonyesha, lipia. Chakula punguza wali, halua na soda, protini usipunguze. Na balungi usiguse, wala juisi yake, linapandisha takrolimusi kwenye damu mpaka linaumiza figo, na mitishamba ya kusafisha ini unayotumiwa na ndugu kwenye WhatsApp iache yote. Najua wanatuma kwa mapenzi.

SWALI, kutoka Dodoma

Habari za kazi. Mama yetu ana saratani ya ini anasubiri safari, tumeambiwa tumwongezee protini, tukawaza karanga kwa sababu ndo tunazolima. Lakini tunasikia karanga ndo zinaleta saratani hiyohiyo. Tushike lipi?

JIBU

Yote mawili ni kweli. Karanga konzi moja ina gramu 7 hivi za protini na mafuta mazuri. Sumukuvu ndo inayoleta saratani ya ini, ni sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyoanikwa vibaya au kuhifadhiwa na unyevu, na ikikutana na homa ya ini B hatari inazidishana. Nyinyi wa Dodoma mnaijua kuliko mimi, mwaka 2016 watu walikufa huko kwenu na Manyara kwa mahindi yenye sumu hii, na Kenya mwaka 2004 walikufa 125. Kuchemsha na kukaanga hakuiondoi. Kwahiyo kwa mgonjwa karanga za sokoni zilizosagwa tayari, ambazo huoni zilikuwaje, sahau. Kama ni zenu, mmezianika juu ya turubai na sio chini, zimekauka mpaka zinalia ukitikisa, chambueni moja moja, iliyosinyaa, yenye rangi nyingine, iliyovunjika au yenye ladha chungu nje. Mimi kwa mama yangu ningempa mayai na maziwa, karanga ningesubiri.

SWALI, kutoka Nairobi

Niaje madam, mimi ndiye nitampea brother yangu ini. Yeye ni mwembamba sana saa hii. Nilikuwa nataka kujua kama naweza mnunulia ile poda ya protini ya gym, na mimi mwenyewe nifanye nini kabla na baada?

JIBU

Ndugu yangu, Mungu akulipe kwa hilo unalofanya. Poda: ile ya kawaida ya maziwa, isiyo na mambo mengine ndani, inaweza kusaidia mtu asiyemaliza sahani, kijiko ndani ya uji wa usiku ni njia nzuri, ila kopo lake lipelekwe kwa daktari lisomwe kwanza, maana nyingine zimechanganywa na mimea na vichangamshi vinavyoumiza ini lenyewe. Zile za kuchoma mafuta na za kukuza mwili kwa haraka usimpelekee. Na ukipiga hesabu, trei moja ya mayai inaenda mbali kuliko kopo.

Wewe: watakata upande wa kulia, karibu asilimia 60 ya ini lako, na litakua tena karibu saizi yake ndani ya miezi miwili mitatu. Hatari kwako ni ndogo lakini ipo, usikubali mtu akuambie haipo. Pombe acha kuanzia leo, na kama una kitambi anza kukipunguza sasa, maana ini lenye mafuta wanaweza kulikataa, ukaambiwa urudi baada ya miezi, na ndugu yako hana miezi ya kupoteza. Vyeti vya kuzaliwa vyenu wote wawili na vya wazazi viwekeni tayari, sheria ya India ya 1994 inataka udugu uthibitishwe kwa karatasi na kamati itawahoji, na familia nyingi zinakwama hotelini wiki tatu kwa cheti kimoja huku mgonjwa anakula chipsi na anakonda.

Kwahiyo mkienda bebeni sufuria na jiko dogo la umeme, tafuteni chumba chenye ruhusa ya kupika. Baada ya upasuaji wote wawili mtaambiwa mwinuke mapema, siku ya kwanza au ya pili, na itauma, ila kubali kila manesi wakija. Wewe utakuwa na nguvu kabla yake. Ukishaweza kufika mlango wa wodi yake, nenda ukamchukue mtembee naye korido.